Barua ya wazi kwa Shangazi: dubu wa plastiki anakuja Tanga

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na mvua za Tanga zimekuacha upumue. Huku Dar es Salaam sote wazima, na watoto wanakusalimu mmoja mmoja.

Mara ya mwisho ulipokuja ulimchukua yule dubu mdogo kwenye rafu yangu, ukamgeuza juu chini, ukapitisha kidole ukitafuta alipounganishwa. Juzi kwenye simu ukaniuliza tena: ni kitu gani hasa, kimetoka wapi, na mtu anaanzaje? Nilikujibu kwa haraka, na swali lako lilistahili zaidi ya hapo. Kwa hiyo naandika kwa kirefu. Naiacha barua hii wazi kwa sababu si wewe peke yako uliyefunga cherehani baada ya miaka mingi ukabaki na mikono inayodai kazi. Wako wengi, na ningependa nao waisome.

Dubu yule anaitwa Petit'gguy. Ni modeli ya plastiki kutoka Japani, kazi ya kampuni ya Bandai. Hauzwi akiwa dubu. Unanunua kisanduku chepesi, na ndani yake mna fremu kadhaa za plastiki. Kila fremu imeshikilia vipande kwa vijiti vyembamba. Kuna pia karatasi ya stika za macho na karatasi ya maelekezo. Gundi haihitajiki, wala rangi ya kupaka. Kila kipande kimetoka kiwandani na rangi yake, na vinaingiana kwa kubanwa na vidole tu. Huko Japani bei yake haifiki yeni 1,000. Mimi nililetewa mzigo na ndugu yetu anayesoma huko alipokuja likizo, na tangu siku hiyo nimempa kazi ya kubeba visanduku kila anapopanda ndege.

Asili ya dubu huyu inanifurahisha sana. Mwaka 1979 televisheni ya Japani ilianza kuonyesha katuni ya vita vya angani iitwayo Gundam, yenye maroboti makubwa yanayoendeshwa na watu walio ndani yake. Upande wa maadui kulikuwa na roboti moja la kupigana majini na nchi kavu, jina lake Acguy. Lilikuwa na kichwa cha duara na mwili wa mviringo. Katuni yenyewe haikupata watazamaji wa kutosha, ikakatishwa kabla ya wakati. Mwezi wa Julai 1980 Bandai wakatoa modeli ya kwanza ya roboti la Gundam kwa yeni 300, na watoto wakazigombea madukani. Modeli hizo zimo katika sababu zilizofanya hadithi ile isife mpaka leo. Halafu mwaka 2010 wabunifu wakalitazama tena lile roboti la adui, wakaona kwamba umbo lake tayari ni la dubu. Wakaliwekea masikio na pua, wakambebesha mgongoni begi la shule kama wanalobeba watoto wa shule za msingi za Japani. Huyo ndiye Beargguy. Mwaka 2013 alirudi katika katuni nyingine, safari hii akiwa ametengenezwa na msichana wa klabu ya sanaa ya shule. Petit'gguy ni mdogo wake, anakaa kiganjani.

Roboti la vita, Shangazi, limegeuzwa kitu cha kupakata! Na aliyeligeuza hakuharibu kitu. Ukiwaweka wote wawili pamoja utamtambua Acguy ndani ya dubu: mabega yaleyale, na kichwa kilekile kilichozama shingoni.

Sasa nikupeleke vinakotengenezwa, maana najua hupendi kushona kitambaa usichojua kilipofumwa. Mkoa wa Shizuoka uko kusini-magharibi mwa Tokyo, kando ya bahari, na sehemu ya Mlima Fuji imo ndani yake. Ni mkoa wa chai, kama milima yetu ya Usambara. Wenyeji husimulia kwamba zamani, wakati wa utawala wa akina Tokugawa, maseremala hodari waliitwa kutoka kila upande kujenga hekalu la Sengen, na kazi ilipokwisha wengi wakabaki. Useremala ukawa kazi ya mji. Kampuni ya Tamiya ilianzishwa huko mwaka 1946 ikiwa ya mbao, ikaingia kwenye modeli za mbao, na mwaka 1960 ikatoa modeli yake ya kwanza ya plastiki, meli ya kivita Yamato. Kampuni nyingine za modeli, Hasegawa, Aoshima na Fujimi, nazo ziko mkoa huohuo. Bandai walifungua kiwanda cha modeli mjini Shizuoka mwaka 2006. Kila mwezi wa Mei mji unakuwa na maonyesho makubwa ya modeli. Na tangu 2021 wamesimamisha sanamu za ajabu mitaani: sanduku la posta na kibanda cha simu, vyote vimewekwa ndani ya fremu kubwa kana kwamba vinasubiri mtu aje avikate na kuviunganisha. Barua ukiitia kwenye sanduku lile inafika. Mji unaojivunia kazi yake namna hiyo ningependa siku moja niukanyage.

Kiwandani plastiki hufika ikiwa punje punje. Inayotumika zaidi kwa modeli kama hizi ni polistireni. Punje huyeyushwa kwa joto la nyuzi 200 hivi, kisha plastiki husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Inapita kwenye mifereji, inajaza kila tundu, inapoa, kalibu inafunguka, na vipini vya chuma vinaisukuma nje. Ile fremu unayoikuta kwenye kisanduku ni plastiki iliyoganda ndani ya mifereji. Ukigeuza kipande upande wa ndani utaona alama ndogo za mviringo: hapo ndipo vipini viliposukuma. Kuna mashine kiwandani zinazoweza kumimina rangi nne kwenye fremu moja, kila rangi ikakaa mahali pake bila kuchanganyika. Mara ya kwanza niliposhika fremu ya namna hiyo niliiinua kwenye mwanga wa dirisha nikaitazama muda mrefu kabla ya kukata chochote.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika, kwa sababu ndiyo inayonifanya nikuandikie wewe na si mtu mwingine. Watu huona kitu kidogo, cha mviringo, chenye macho ya kitoto, wakadhani kimefanywa kwa mchezo. Mimi naamini kinyume kabisa. Kifaru cha vita kikiwa na mkwaruzo, mkwaruzo ule unakiongezea ukweli, kwa sababu vifaru hupigana. Shavu la dubu likiwa na mkwaruzo, jicho linakwenda hapohapo. Vitu vya kupendeza havina mahali pa kufichia uzembe. Umbali wa jicho na pua ukizidi kidogo tu, sura inakuwa ya mtu mzima, au ya kutisha. Aliyechonga kalibu ya dubu yule alikuwa na kazi ngumu kuliko wengi wa wenzake, na aliifanya kwa heshima. Tafuta mstari wa kuungania: mara nyingi wabunifu wa modeli hizi huupitisha kwenye pembe, au kwenye mkunjo, au mahali ambapo kipande kingine kitaufunika. Wewe uliyeshona magauni ya watoto wa ubatizo na ya Idi, ukificha mshono chini ya kola ili usimkwaruze mtoto shingoni, unaijua akili hii kuliko mimi.

Basi, namna ya kumjenga.

Tafuta mwanga kwanza. Meza yako ya cherehani pale dirishani inatosha, na ile taa ya shingo ndefu iwashe hata mchana. Vaa miwani ya kusomea. Tandika kitambaa cheupe juu ya meza ili kipande kikianguka kisirukie sakafuni, kwa sababu masikio ni madogo na yanapenda kukimbia. Paka wako mtoe nje, nakuomba sana.

Maelekezo yameandikwa Kijapani lakini usihofu, picha zinasema kila kitu. Kila fremu ina herufi yake kwenye kibango kidogo cha pembeni, na kila kipande kina namba. Ukiona A5, ni kipande cha tano cha fremu A. Usikate vyote kwa mpigo. Kata vya hatua moja, viunganishe, ndipo uende hatua nyingine. Kipande kikishatoka kwenye fremu kinapoteza namba yake, na vipande vya kulia na kushoto vinafanana hadi vinachosha.

Kukata ndiko kwenye utamu. Nimekuwekea koleo dogo la kukatia, lile lenye upande mmoja bapa. Usibane karibu na kipande mara ya kwanza. Kata mbali kidogo, kipande kitoke na kijiti chake. Kisha rudi na ukate kijiti kile, ukiacha kibaki kidogo sana kama unene wa ukucha. Sababu ni hii: plastiki inapobanwa kwa nguvu inavutika kabla ya kukatika, na pale ilipovutika inabaki na doa jeupe. Doa hilo likiingia ndani ya kipande halitoki kwa urahisi. Kwenye rangi nyeusi au ya kahawia linaonekana kutoka mlangoni. Ndiyo maana nimekuchagulia dubu mweupe.

Kibaki kilichosalia kiondoe kwa msasa. Nimekukatia vipande vya msasa wa maji, ule unaouzwa maduka ya rangi za magari: namba 400, 600 na 1000. Anza na 400 kwa kugusa tu, malizia na 1000. Chovya kwenye maji ili vumbi lisipande hewani, maana vumbi la plastiki si la kuvuta. Kisha chukua ile tupa laini ya kucha wanayotumia saluni kung'arishia, upitishe mara chache. Funga macho upitishe kidole kama ulivyofanya kwangu. Kidole chako kitakuambia kabla ya jicho.

Hapa usikimbie. Dubu mzima anaweza kuunganishwa kabla wali haujaiva, lakini kuunganisha na kumaliza vizuri ni mambo mawili. Mtu mwenye haraka atamaliza na kujiuliza kwa nini watu wazima wanapenda kitu hiki. Ukikaa na kila kipande utaona vile kila kimoja kilivyofikiriwa. Kuna kipande cha ndani kabisa ya mwili ambacho hakitaonekana tena baada ya kufungwa, na bado kingo zake zimenyooka.

Kubana nako kuna namna yake. Linganisha kijino na tundu, sukuma taratibu kwa vidole gumba viwili, sikiliza mlio wake wa kuingia. Kikigoma usitumie nguvu. Toa, tazama kama umegeuza upande, au kama kijiti kimebaki ndani. Kama gumba lako linauma asubuhi hiyo, kata ncha ya kijino kwa mshazari, kidogo tu. Kitaingia kwa ulaini na utaweza kukifungua tena ukitaka. Usipunguze unene wake, hicho ndicho kinachoshika.

Macho ni ya mwisho. Nawa mikono uikaushe, kwa sababu mafuta ya vidole yanadhoofisha gundi ya stika. Bandua stika kwa kibano, ikae kwenye ncha, ilenge, iguse upande mmoja kwanza. Kama imekaa vibaya inua kabla hujaikandamiza. Ukiridhika, ikandamize kuanzia katikati kwenda kingoni kwa kijiti chenye pamba. Dakika ileile utaona amekuwa mtu. Kabla ya macho alikuwa kazi ya mikono, baada ya macho anakutazama, na utamsogeza kichwa pembeni kidogo bila kujua kwa nini.

Watakuja kukuuliza, mama mtu mzima na midoli wapi na wapi. Waambie ukweli. Watoto walionunua modeli za kwanza mwaka 1980 sasa ni watu wa makamo na wazee. Hawajaacha, na wengi katika wanaoonyesha kazi zao kule Shizuoka ni watu wa umri wao. Wako wanaotumia miezi kwa modeli moja, na hakuna anayewauliza ni ya nini. Hapa kwetu tunamruhusu mzee kucheza bao mpaka magharibi na tunaliita pumziko, lakini mwanamke mzee akikaa na kitu cha kumfurahisha tu, kisichouzwa wala kuvaliwa na mtu, macho yanamfuata. Nalisema waziwazi kwa sababu linaniuma. Miaka yote nguo ulizoshona zilikuwa za watu wengine, na tarehe za kuzimaliza zilikuwa zao. Dubu huyu hana mteja, hana tarehe, na hakuna atakayekuja kulalamika kwamba kiuno kimebana.

Sitaki pia udanganywe na wanaoanza na makubwa. Vijana wengi hununua kwanza roboti lenye vipande mamia, sanduku linawatisha, wanaliacha chini ya kitanda. Dubu ana vipande vichache, na ndani ya vichache hivyo mna karibu kila kitu: kusoma fremu, kukata mara mbili, msasa, kubana, viungo vinavyozunguka, stika. Ukimaliza huyu vizuri, lile kubwa ni yaleyale yakirudiwa.

Ukinogewa, hatua ya pili ninayokuwazia ni ndege-yai za Hasegawa. Ni ndege za kweli zilizofupishwa zikavimba kama yai, bawa fupi, rubani anakaa kama kwenye kiti cha sebuleni. Zenyewe zinahitaji gundi na rangi, na alama zake hubanduliwa kwa kuloweshwa maji. Hapo utapenda jambo moja zaidi. Chukua kipande cha fremu kilichobaki, kishike juu ya mwali wa mshumaa bila kukigusisha moto, ukizungushe mpaka kilainike, kisha uondoe kwenye joto na uvute ncha mbili. Kinatoka uzi. Ukivuta upesi unakuwa mwembamba kama unywele, ukivuta polepole unabaki mnene. Watu wa modeli hutumia uzi huo kwa antena za ndege na kamba za meli. Nakuona kabisa ukimaliza mshumaa mzima kwa kuvuta nyuzi. Fungua dirisha tu, na fremu zilizobaki usizitupe kwenye moto wa takataka, moshi wake ni mweusi na mbaya. Japani tangu 2021 wana masanduku maalumu ya kuzikusanya ili zitengenezwe upya. Sisi bado hatuna, kwa hiyo niwekee kwenye mfuko, nitazichukua nikija.

Mzigo umeondoka leo kwa basi la asubuhi, kwa jina lako, na namba ya risiti nimeituma kwa meseji. Ndani mna kisanduku cha dubu, koleo limefungwa kwenye gazeti kwa sababu ni kali, msasa, tupa ya kucha, kibano, na stika nyingine za macho nilizobakiza kwangu. Kisanduku usiwape wajukuu kabla wewe hujamaliza. Nimeongeza kingine cha rangi ya chungwa, hicho ndicho chao, mkae nao mezani Jumamosi.

Ukifika kwenye masikio nipigie, saa yoyote. Nataka kusikia lile la kwanza likiingia.

Wasalaam,
Mwanao